Seva inarudisha 332 baada ya nywila: niongezeje chaguo la akaunti kwenye komponenti ya kuhamisha faili?

Fundi wa Kizota

Ndugu zangu, habari za kazi. Hapa Dodoma ninatunza programu ndogo inayokusanya kumbukumbu za uzito wa zabibu kutoka vituo vya kununulia vya Hombolo na Mpunguzi, kisha kila usiku inazipeleka kwa mnunuzi kwa njia ya FTP, itifaki ya kuhamisha faili kati ya kompyuta. Kuhamisha faili kunafanywa na komponenti ya chanzo huria iliyojengwa juu ya maktaba ya Apache Commons Net, ambayo kwa muda mrefu haikunisumbua. Tatizo limeanza baada ya mnunuzi kuhamia kwenye seva nyingine, tena ya zamani kuliko ile aliyoiacha (msiniulize kwa nini). Jina la mtumiaji linapokelewa, nywila inatumwa, lakini badala ya 230 seva inajibu 332, na komponenti inatangaza kwamba kuingia kumeshindikana. Msimamizi wa upande wa pili ananitaka nitaje "akaunti", nami kwenye vigezo naona nafasi ya jina na ya nywila tu. Ningependa kuongeza chaguo hilo na kuwapelekea wenye mradi mabadiliko yangu, kwani nikibaki na nakala ya pembeni nitairekebisha upya kila toleo linapotoka. Nianzie wapi?

Binti Nkuhungu

Kaka, seva yako haijakosea. RFC 959, waraka wa kiufundi wa Oktoba 1985 ambao ndio unaoeleza FTP, ina amri tatu za kujitambulisha: USER, PASS na ACCT. Jibu la 331 lina maana kwamba nywila inahitajika, 332 kwamba akaunti inahitajika, na 230 kwamba umekwisha kuingia. Seva nyingi za leo haziulizi akaunti kabisa, na ndiyo maana waandishi wa komponenti huiacha bila kujua kwamba wameacha kitu.

Habari njema ni kwamba maktaba yenyewe inaijua. Katika FTPClient, darasa lake la kuwasiliana na seva, `login` ina sura mbili: moja hupokea jina na nywila, nyingine hupokea jina, nywila na akaunti. Ile ya kwanza ikikutana na 332 hurudisha `false` tu, na hapo ndipo ulipokwama. Ongeza kigezo kisicho cha lazima, chenye thamani tupu kwa chaguo-msingi. Kikijazwa, ita sura ya pili, kisipojazwa, iache ya kwanza kama ilivyokuwa, ili wanaotumia komponenti hiyo sasa wasione tofauti yoyote. Hata mtu akijaza akaunti pasipohitajika hataharibu kitu, kwa sababu ACCT haitumwi mpaka seva iiombe. Komponenti ya FTP ya Apache Camel, mradi mwingine wa chanzo huria, ina chaguo la namna hiyo hiyo, nalo linaitwa `account`. Soma msimbo wake kabla hujaandika wa kwako.

Mzee wa Logi

Nakubaliana na Binti Nkuhungu, ila mimi ningeanza kwa kumwomba mnunuzi SFTP, njia nyingine ya kuhamisha faili ambayo hupita ndani ya SSH, yaani muunganisho uliosimbwa, na haina habari ya ACCT. FTP tupu hupeleka jina, nywila na hiyo akaunti waziwazi, na kuongeza siri ya tatu njiani hakuzifichi mbili za kwanza. Akikataa, muulize kama seva yake inakubali AUTH TLS, amri ya kusimba muunganisho wa FTP, iliyoelezwa katika RFC 4217.

Jambo la pili, kagua logi, yaani faili ambamo programu huandika kila inachofanya. Mara nyingi msimbo unaoficha nywila umeandikwa kwa kuitazama PASS peke yake, kwa hiyo thamani ya ACCT inaweza kuandikwa yote kama ilivyo, na faili hiyo ya logi ukaibandika hapa ukiomba msaada.

Fundi wa Kizota

Nawashukuru nyote. Mzee, mnunuzi amesema hatabadilisha chochote kabla msimu haujaisha, kwa hiyo ombi la SFTP nimeliandika na linasubiri. Chaguo nimeliongeza, na kwa majaribio nimeandika seva bandia inayojibu 331, kisha 332, kisha 230. Jaribio la kwanza lilifaulu, lakini muunganisho ulipokatika na komponenti kuunganisha upya, 332 ilirudi. Kumbe `login` inaitwa mahali pawili, nami nilikuwa nimerekebisha mahali pamoja tu! Sasa miito yote miwili inapita kwenye njia moja, na ACCT nimeificha kwenye logi. Swali dogo lililobaki: kigezo nikiite `akaunti` au `account`?

Binti Nkuhungu

Kiite `account`, kaka, kwa kuwa vigezo vingine vyote vya mradi huo ni vya Kiingereza. Na jaribio la kuunganisha upya liweke ndani ya ombi lako la mabadiliko kwa wenye mradi, usilipeleke baadaye.