Naombeni mnieleweshe: maneno ya karatasi za mirathi ya baba yamenishinda

BintiKorogwe:
Habari zenu ndugu zangu. Baba yetu alifariki mwaka jana, ameacha mjane na watoto wanne. Kikao cha ukoo kilimpendekeza baba mdogo, akaenda Mahakama ya Mwanzo. Wiki sita zilizopita alirudi na karatasi yenye muhuri, juu imeandikwa "Fomu Na. IV", akatuambia nyumba sasa ni yake kisheria na mama ajiandae kuhama. Mimi ndiye niliyesoma kidogo, nyumba nzima inanitazama mimi. Karatasi inasema ameteuliwa "msimamizi wa mirathi ya marehemu". Kwingine kuna "mwombaji", "orodha ya mali na madeni", na tarehe ya shauri "kutajwa". Shangazi anasema tuweke pingamizi, jirani anasema tukate rufaa. Mama halali usiku. Nifanye nini?

KaraniMstaafu:
Pole kwa msiba, binti yangu. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi na kesi ya namna hii nimeiona sana. Mwambie mama asihame.

Msimamizi si mmiliki, wala si lazima awe mrithi. Ni mtu aliyepewa kazi: akusanye mali ya marehemu, alipe madeni, awagawie warithi kilichobaki, kisha arudi mahakamani aeleze alichofanya. Fomu Na. IV ni barua ya kumpa kazi hiyo tu. Aliitwa "mwombaji" kwa sababu aliomba kuteuliwa, kwa Fomu Na. I. Isome tena taratibu, neno kwa neno: hutaona mahali inaposema nyumba ni yake.

Pingamizi ni la kabla ya uteuzi, mahakama inapotangaza kwamba fulani ameomba. Yeye ameshateuliwa. Kwa hiyo mkiona anaharibu, mnachoomba ni uteuzi wake utenguliwe, na mnaomba mahakama ileile iliyomteua. Rufaa ni njia nyingine: mnakwenda Mahakama ya Wilaya kusema uamuzi wenyewe ulikosewa, na siku zake ni 30 tangu uamuzi utolewe. Kwa hesabu yako zimepita, ingebidi kwanza muombe kuongezewa muda. Mimi nisingeanzia huko.

Ningeanzia kwenye hiyo orodha ya mali na madeni. Ni Fomu Na. V. Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinampa miezi minne tangu kuteuliwa aiwasilishe, labda mahakama imwongezee muda. Baada yake kuna Fomu Na. VI, hesabu ya alichoingiza na alichotoa. Nyie warithi mna haki ya kuomba kuona jalada na kusema kama orodha ni ya uongo. Wasimamizi wengi wanajificha hapo kwa sababu familia haijui kwamba karatasi hizo zipo.

MamaNtilie_Muheza:
Dada, angalia hiyo "kutajwa". Mimi niliwasafirisha mashahidi watatu kutoka Handeni kwa nauli yangu. Kumbe siku ya kutajwa hakimu anaangalia shauri limefikia wapi na kupanga tarehe nyingine, mashahidi hawasikilizwi. Hela ile iliniuma sana. Ukiona "kusikilizwa", hapo ndipo ubebe mashahidi na vielelezo.

Msaidizi_wa_Kisheria:
Naongeza moja. Mkifungua maombi yenu, msikilize neno la mwisho la hakimu. "Yameondolewa" mara nyingi ni kasoro ya utaratibu, mnarekebisha na kurudi. "Yametupiliwa mbali" ni zito zaidi, kwa kawaida mlango uliobaki ni rufaa. Watu huyachanganya wakakata tamaa bure.

Ustadh_Pangani:
Binti, marehemu aliacha maandishi yoyote?

BintiKorogwe:
Ndiyo Ustadh. Kwenye sanduku la mama kuna karatasi ya daftari, mwandiko wa baba, kalamu ya bluu: "Nyumba hii nimempa mke wangu hiba." Ina saini ya baba na dole gumba mbili za mashahidi. Tulidhani ni wosia.

Ustadh_Pangani:
Alhamdulillahi kwa kuitunza. Wosia hufanya kazi baada ya kifo, na katika sheria ya Kiislamu hauzidi thuluthi ya mali wala hapewi mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Mke ni mrithi, kwa hiyo mkiiita wosia mtamdhoofisha mama wenyewe. Hiba ni zawadi ya mtu akiwa hai. Ikithibitika baba alitoa, mama akapokea na akakabidhiwa, nyumba ilitoka kwenye mali yake kabla hajafa, haimo katika mirathi. Mgogoro utakuwa kwenye makabidhiano, maana waliishi humo wote wawili. Nani alikuwa akilipa kodi ya jengo? Wapangaji walimpa nani kodi?

KaraniMstaafu:
Ustadh kasema kweli. Binti, karatasi asili isitoke mikononi mwenu. Kamwonyesheni hakimu, nakala ndiyo iingie kwenye jalada. Na shahidi aliye hai mtafuteni mapema.

BintiKorogwe:
Chumba cha uani kina mpangaji, kodi anampa mama tangu baba akiwa mzima. Shahidi mmoja yupo Mombo, nimeshampigia, amekubali. Jumatatu nipo masjala kuomba kuona jalada. Nimemsomea mama majibu yenu yote, amekula leo.