Presha ikipanda mara moja tu, kwa bima tayari wewe ni mgonjwa?

Swali
Wakuu, mtu kaenda kliniki kwa shida nyingine, presha ikasoma 146/92. Hakupewa dawa. Sasa fomu ya bima ya maisha inauliza: "Umewahi kuambiwa una shinikizo la damu?" Ajibu nini?

Jibu 1
Kabla ya kugusa fomu aombe nakala ya faili lake, aangalie msimbo. Kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, R03.0 ni kipimo kilichopanda bila ugonjwa kuthibitishwa; I10 ni shinikizo la damu lenyewe. Kama kaandikiwa I10 kwa kipimo kimoja, amwombe daktari apime upya na kurekebisha kwa maandishi. Kwenye fomu aseme kweli, na tarehe na namba aziweke. Bima wana haki ya kuomba faili, na kilichofichwa hufukuliwa siku ya madai, warithi wakaambulia patupu.

Jibu 2
Kupima upya kuwe kwa utaratibu, maana makosa mengi yanapandisha namba: mkanda mdogo kuliko mkono, mkono kuning'inia, kuongea, kibofu kujaa. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne. Kahawa na sigara aache nusu saa kabla. Nyumbani apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, siku ya kwanza aitupe, zilizobaki atafute wastani. Mpaka wa kuitwa mgonjwa kwa vipimo vya nyumbani ni 135/85, si 140/90 wa kliniki. Kifaa cha kuvaa saa 24 ndicho ushahidi mzito zaidi kwa wale ambao presha hupanda wakimwona daktari tu.

Tena mpaka wenyewe haufanani. Marekani waliushusha hadi 130/80 mwaka 2017, Ulaya wakabaki na 140/90. Mwenye 134/84 Marekani ni mgonjwa, Ulaya siyo.

Jibu 3
Watu wanaogopa kutaja dawa, bure kabisa. Anayepima hatari kwenye bima huangalia wastani wa vipimo vya karibuni pamoja na uzito, sigara, sukari na figo. Aliye kwenye dawa na presha imetulia mwaka mzima mara nyingi hupata ada nafuu kuliko mwenye 150/95 asiyetibiwa. Ombi la aliyegunduliwa juzi tu ndilo huahirishwa, mpaka vipimo vitulie.

Muuliza swali
Na bima ya matibabu?

Jibu 3
Hiyo asome vipengele viwili: muda wa kusubiri kwa ugonjwa uliokuwepo kabla, na kama kutengwa kwa presha (yaani bima kutoilipia) kunabeba pia kiharusi na figo. Hicho cha pili ndicho kinaumiza.