Wakuu naombeni ushauri, mteja anadai sosi kodi ya programu niliyomuuzia

Mpambanaji wa Mwenge: Habari zenu wakuu. Nimemfungia mteja programu ya mauzo dukani, nusu ya hela kashalipa, sasa kijana wake wa IT anataka na sosi kodi yote, yaani yale maandishi ya programu tunayoandika sisi watengenezaji. Humo ndani nimetumia vitu huria kidogo, yaani programu za watu zilizowekwa wazi kwa leseni. Nalazimika kumpa? Jumatatu tunakutana, usingizi sipati.

Babu Kaditama: Pole kijana. Mimi kuna mteja alinizungusha hela ya tovuti nikaizima, jioni ile ile akalipa. Usimpe kitu mpaka amalize deni.

Dada Pengwini: Hiyo "kidogo" ni nini? Leseni ipi? Zile leseni nyepesi za MIT au BSD unaacha tu jina la mwenye hakimiliki na maandishi ya leseni, sosi hudaiwi.

Mpambanaji wa Mwenge: GPLv3. Ila nimebadilisha mengi.

Dada Pengwini: Hiyo ndo leseni huria inayodai sosi. Umechukua maktaba tu (vipande vya kodi vya kuazima) au programu nzima?

Mpambanaji wa Mwenge: Nzima, niliitoa GitHub, ule mtandao watu wanaweka kodi zao. Lakini Kiswahili chote nimeandika mimi, risiti mimi, malipo ya simu nimeunganisha mimi, nembo yangu. Faili la COPYING lenye maandishi ya leseni nimelitoa maana linachanganya wateja, na kwenye mkataba nimemkataza kumpa mtu mwingine. Nimeuza mimi sijagawa bure!

Mama Ibra: Jasho la mwenzio unalifutaje jina mwanangu.

Dada Pengwini: Kuuza ruksa. Ila ukishampa mtu programu iliyokompailiwa (iliyogeuzwa kuwa faili la kuendesha tu) ana haki ya sosi ya toleo hilo hilo, na marekebisho yako na skripti za kuijengea humo humo. Na masharti ya kumzuia asigawe leseni hairuhusu. Hata kampuni ya Linksys walibanwa 2003 kwa ruta yao ya intaneti ya WRT54G iliyokuwa na kodi ya GPL, sosi ikatoka, OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ikaanzia hapo. Nenosiri za malipo usimpe, hizo si sosi.

Kiboko Yao: Chai hii 😂 IT wa duka la Mwenge anaijulia wapi GPL? Huyu ndo IT mwenyewe anatega.

Mpambanaji wa Mwenge: Chai ya nini mkuu, kafungua faili la programu (exe) kwa Notepad mbele yangu, katikati ya yale madudu likatokea jina la mwandishi wa kwanza.

Dada Pengwini: Basi rudisha COPYING, futa hicho kipengele, mpelekee flashi yenye sosi na udai hela yako. Mwenye hakimiliki akikuandikia mara ya kwanza ukarekebisha ndani ya siku 30, haki zako zinarudi.

Mpambanaji wa Mwenge: Na wateja wengine je?

Dada Pengwini: Wengine wapi tena?