Msimulizi ni mshenzi, wasomaji wanamshangilia: kosa liko kwenye kitabu au kwenye usomaji?

Mpekuzi_wa_Kurasa

Wakuu, salaam. Kikundi cha usomaji kimemaliza American Psycho ya Bret Easton Ellis na mjadala umekwama pabaya. Upande mmoja unasema mwandishi mwenyewe ni mgonjwa, basi. Upande wa pili wanamnukuu Patrick Bateman, msimulizi wake, tajiri kijana wa Wall Street anayesimulia mauaji yake, kama mwalimu wa nidhamu: mazoezi ya tumbo, losheni za uso, suti. Hakuna aliyetamka neno tashtiti. (Nalitumia kwa maana ya kazi nzima inayoikejeli jamii, si yale maswali ya kebehi ya kwenye mitihani ya fasihi.)

Kikao kijacho ni cha saa mbili. Kuwahubiria kwamba "mwandishi hakumaanisha hivyo" hakusaidii, limeshasemwa na halikuingia. Natafuta namna ya kuwaonyesha ndani ya maandishi yenyewe. Mngeanzia wapi? Na je, kumpenda msimulizi wa aina hii ni kosa la msomaji, au ndivyo kitabu kilivyotegwa?

---

Bi_Tamathali

Anzia kabla Bateman hajafungua mdomo. Watu huruka kurasa za mwanzo wakidhani ni mapambo. Nukuu ya kwanza kabisa ya kitabu ni ya Dostoevsky, kutoka Notes from Underground ya 1864, pale anaposema kwamba mwandishi wa kumbukumbu zile ni wa kubuni, ila watu wa namna yake hawana budi kuwapo katika jamii kama ilivyo. Yaani ukurasa wa kwanza tayari umemtenga anayesema na aliyeandika. Ukifungua sura ya kwanza, jina lake ni "April Fools", siku ya kudanganyana. Nukuu za mwanzo na majina ya sura si mali ya msimulizi. Hapo ndipo mwandishi anaposema bila kupitia kinywa cha mtu.

Baada ya hapo chukua karatasi, uigawe safu tatu: anachosema msimulizi, wanachosema au kufanya wengine, na kile ambacho msomaji anakijua lakini msimulizi hakioni. Usijaze kitabu kizima. Vifungu vitatu vinatosha, na mimi ningechukua hivi.

Kwanza, hotuba yake mezani katika sura ya kwanza: ubaguzi wa rangi ukomeshwe Afrika Kusini, wenye njaa walishwe, wanawake wapate haki sawa, vijana waache kuabudu mali. Iweke kando ya ukurasa wowote anaoorodhesha nguo za waliomo chumbani pamoja na majina ya waliozibuni. Wasomeeni kwa sauti, kimoja baada ya kingine, bila maelezo. Sauti ni ileile. Njaa ya dunia na soksi vina uzito mmoja kwake.

Pili, majina. Karibu kila mtu humo anamwita mwenzake kwa jina la mtu mwingine. Paul Owen, mwenzao wa Wall Street, anamdhania Bateman kuwa Marcus Halberstam. Kuelekea mwisho, Bateman anataka wakili Harold Carnes amwamini kuhusu mauaji aliyokiri kwenye simu. Carnes anamwita Davis, anauchukulia ungamo wote kama mzaha, kisha anamwambia usoni kwamba mzaha umeharibika kwa sababu Bateman ni mtu wa kujipendekeza tu, hawezi mambo kama yale. Hiki ndicho kifungu cha kuwapa wanaomshangilia. Simba wao, mbele ya watu wa tabaka lake, ni chawa.

Tatu, kipindi cha televisheni cha Patty Winters anachokitaja kila mara. Mada za mwanzoni zinaaminika. Baadaye mgeni wa kipindi ni punje ya Cheerio, nafaka ya kifungua kinywa, imekaa kwenye kiti kidogo na kuhojiwa karibu saa nzima. Anayasimulia hayo bila kupepesa jicho. Ukishafika hapo, rudi nyuma uulize: kama hili halikuwezekana, ni lipi katika yale mengine tulilimeza kwa sababu tu lilisemwa kwa sauti tulivu?

---

KalamuKavu

Ya Bi_Tamathali ni mazuri lakini yote yanaingilia kichwani, na waliompenda Bateman hawakumpendea kichwani. Walibebwa na sarufi.

Nafsi ya kwanza ni mashine. Kwa Kiswahili unaiona wazi kuliko Kiingereza, maana "ni" imegandamana na kila kitenzi: nikaamka, nikajinyoosha, nikapaka, nikavaa. Ile "ka" nayo inamvuta msomaji mkono, kitendo kimoja kinazaa kingine, nafasi ya kuuliza "kwa nini?" haipo. Baada ya nusu ukurasa ulimi wako ndio unaopaka losheni.

Zoezi: chukueni ile sehemu ya asubuhi yake bafuni, aya moja, maneno mia moja hamsini hivi. Iwekeni kwa Kiswahili chepesi kwa "ni", mtu mmoja asome. Halafu mwingine asome aya ileile, kila "ni" imegeuzwa "a": akaamka, akapaka barakoa, akangoja dakika kumi. Kusoma kote hakuzidi dakika tano. Kwa "ni" inasikika kama nidhamu. Kwa "a" inasikika kama taarifa ya muuguzi wa zamu kuhusu mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

Wakilalamika kwamba umechezea matini, waonyeshe sura ya "Chase, Manhattan". Ellis mwenyewe anafanya hivyo. Katikati ya kukimbizana na polisi "mimi" inageuka "Bateman", na msimulizi anaanza kuangaliwa kutoka nje kama mtu kwenye filamu.

Angalizo: msichague kifungu cha mauaji kwa zoezi hili. Damu inapoingia msomaji ameshajitoa, hutapima chochote. Mtego uko kwenye vifungu vya kuchekesha na vya ustadi, yaani pale anapojua kitu vizuri. Sisi binadamu humwamini haraka mtu anayetaja majina ya vitu kwa usahihi.

Kuhusu swali la pili, sidhani kumcheka naye ni kosa. Tashtiti ya nafsi ya kwanza isiyokufanya uwe upande wa msimulizi hata dakika moja ni mahubiri yaliyovaa kofia. Kosa ni kutojua ulishukia wapi. Kila mtu aweke alama ya penseli kwenye mstari alipoacha kuwa naye, kisha mlinganishe kurasa. Wapo watakaokuwa na alama ukurasa wa 10, wapo wasio na alama kabisa. Mjadala wenu ni hizo alama, si kama Bateman ni mbaya. Hilo la ubaya halina mpinzani.

---

Mzee_wa_Tanbihi

Nawapinga kidogo nyote wawili. Mnazungumza kana kwamba kila mwandishi ameacha mlango wazi na msomaji ndiye kipofu. Si kila mara.

Linganisheni vijitabu viwili vya Uingereza na Ireland. Daniel Defoe alitoa The Shortest Way with the Dissenters mwishoni mwa 1702, akijivika sauti ya Mwanglikana mwenye msimamo mkali anayetaka Waprotestanti waliojitenga na kanisa la taifa wafutwe kabisa. Wenye msimamo huo walikipokea kwa furaha, waliojitenga wakaingiwa na hofu, na ukweli ulipojulikana pande zote mbili zilimkasirikia. Julai 1703 Defoe alisimamishwa siku tatu kwenye mti wa aibu hadharani. Isomeni leo: sauti ni safi mno. Hakuna ufa. Hayo aliyoyaandika yalikuwa yakisemwa kweli mimbarani, kwa maneno karibu yaleyale.

Sasa Jonathan Swift, A Modest Proposal, 1729. Msimulizi wake anapendekeza watoto wa maskini wa Ireland waliwe. Anapiga hesabu kama karani: watoto 120,000 kwa mwaka, 20,000 wabakizwe kwa uzazi, 100,000 wauzwe wakifikisha mwaka. Ila Swift ameacha nyufa mbili. Moja ni pale msimulizi anapofoka kwamba asiletewe habari za tiba nyingine, kisha anaziorodhesha: kuwatoza kodi wenye mashamba wanaoishi nje ya nchi, kuvaa na kutumia vilivyotengenezwa nyumbani, na kadhalika. Ile orodha anayoikataa ndiyo maoni ya Swift, ambaye alikuwa ameyatetea mengi ya hayo miaka mingi kwa jina au bila jina. Ufa wa pili ni sentensi ya mwisho: hana faida yake binafsi, kwa kuwa mwanawe wa mwisho ana miaka tisa na mkewe hazai tena. Yaani kama angekuwa na kichanga, tungeona.

Mhakiki Wayne Booth ndiye aliyelipa jina jambo hili, msimulizi asiyeaminika, katika The Rhetoric of Fiction ya 1961. Kwake kipimo ni umbali kati ya msimulizi na kaida za kazi nzima, yaani maadili ambayo kazi yenyewe imeyasimamia. Ukiniuliza mimi, basi, pasipo na alama yoyote ya kaida hizo msomaji hana pa kupimia, na lawama igawanywe.

Kwa kikao chenu, Swift ni mfupi, anasomwa kwa sauti ndani ya dakika ishirini na kitu. Mtangulizeni yeye. Swali ni moja tu: ni wapi msimulizi anakataa jambo la busara? Wakishajua kulitafuta kwa Swift, watalitafuta kwa Bateman.

---

Mchokozi_Mpole

Wakuu, mmesahau jambo la wazi. Hao vijana wanaonukuu Bateman, je, wananukuu kitabu au vipande vya filamu ya 2000? Maana kuna video za sekunde kumi na tano za Christian Bale, mwigizaji wa Bateman, akitembea na muziki juu yake. Filamu yenyewe imeongozwa na Mary Harron, akaiandika na Guinevere Turner, na haina huruma na wanaume wale. Kipande kinaua kejeli kwa sababu kejeli ya aina hii haiko kwenye sentensi, iko kwenye mrundikano. Orodha moja ya nguo ni mtindo, orodha ya mia ni ugonjwa. Ukikata moja umebaki na mtindo.

Waonyeshe tukio la kadi za kazi, lakini simamisha picha kwenye kila kadi. Cheo ni kimoja kwa wote, makamu wa rais. Neno la idara limekosewa herufi. Mtu anatoka jasho kwa wivu wa rangi ya karatasi.

---

Mpekuzi_wa_Kurasa

Asanteni sana. Zoezi la ni/a nimelichukua, na Swift atatangulia. Mzee, hoja ya lawama kugawanywa itawagusa wale wa upande wa kwanza, na hao sijajua niwafanyeje. Wanasema kurasa za mateso ya wanawake haziwezi kuokolewa na neno kejeli.

---

Bi_Tamathali

Usijaribu kuwaokoa nalo. Tenganisha madai mawili yaliyofungwa pamoja. Dai la kwanza, "mwandishi anaafiki anayoyasimulia", linapimika kwa zile safu tatu na linaanguka. La pili, "kejeli hii haikuhitaji kurasa zote hizo wala kwa undani huo", ni hukumu ya kisanaa na linaweza kusimama. Lilikuwapo tangu mwanzo: Simon & Schuster walikiacha kitabu mwishoni mwa 1990 kikiwa karibu kutoka, Vintage wakakichapa 1991, na waliopinga ukatili ule dhidi ya wanawake hawakuwa wote watu wasiojua kejeli ni nini. Anayechukizwa amesoma sawa. Mwulize tu amechukizwa na nani, na kwa sentensi ipi.

Zoezi la upande huo: mtafuteni mwathiriwa ndani ya sarufi. Mfano bora kuliko wote hauko kwa Ellis, uko kwenye Lolita ya Nabokov, 1955. Humbert, msimulizi anayemnajisi mtoto, ana ulimi wa asali, na wengi wametoka humo wakidhani wamesoma hadithi ya mapenzi. Lakini kuna mahali anapokumbuka safari yao ndefu kwa fahari na majuto ya kujipamba, kisha mwishoni kabisa mwa sentensi, kama kitu kilichomponyoka, anataja kilio cha mtoto kila usiku, kila mara yeye alipojifanya amelala. Kila usiku. Mtoto mwenyewe hata jina lake si hilo la kwenye jalada, ni Dolores.

Kwa Bateman fanyeni hivyohivyo na Jean, katibu wake. Someni mazungumzo yao ya mwisho mkifunika maneno ya Bateman kwa karatasi, yabaki ya Jean peke yake. Anampenda. Anamwona mtu mpole anayejali wengine. Naye Evelyn, mpenzi wake, alishatangulia katika sura ya kwanza kumwita kijana wa nyumba ya jirani, yaani kijana mwema asiye na makuu. Hao wawili wako naye kila siku na wamemsoma vibaya kuliko hata hao vijana wako, kwa hiyo waulize vijana ni maneno yapi ya Jean wangeyasaini.

---

KalamuKavu

Nyongeza ya ratiba: kama saa mbili hazitoshi, kata kadi za kazi, usikate penseli. Na alama za penseli waziweke nyumbani kabla ya kuja. Wakiziweka mbele ya wenzao, kila mtu atadai alishuka ukurasa wa kwanza.