Mume kaniachia bastola yenye kibali (Ujerumani). Nifanyeje niimiliki kihalali?

Mama Tumaini

Habari zenu ndugu zangu mlioko Ujerumani. Mume wangu amefariki mwezi huu, mazishi tumeshamaliza, sasa niko kwenye makaratasi. Mimi ni Mtanzania, yeye alikuwa Mjerumani, na nimeishi hapa tangu 2014.

Ndani ya sefu yake kuna bastola aina ya Walther P38 aliyoachiwa na babake. Iko kwenye Waffenbesitzkarte yake (kadi ya kumiliki silaha), namba ya kwenye chuma na ya kwenye kadi zinalingana, nimezisoma kwa miwani. Marehemu alikuwa mpiga shabaha wa klabu. Mimi sipigi na sina mpango wa kujifunza, ila mwanangu anaomba isiuzwe kwa kuwa ni kumbukumbu ya babu na baba.

Shemeji yangu ni mwindaji, ana kadi yake. Anasema, "Nipe nikae nayo mpaka mambo yaishe." Rafiki yangu mwingine kaniambia ninyamaze kwanza, mahakama ikishatoa hati ya mirathi ndiyo nitoe taarifa. Nimsikilize yupi? Pia kuna pakiti ya risasi kwenye droo ya zana, chini ya misumari.

Babu Shabaha

Pole sana dada kwa msiba. Mimi ni mwanachama wa klabu ya shabaha huku na suala lako tunaliona mara kwa mara, maana wazee wanaondoka na sefu zinabaki.

Rafiki yako usimsikilize kabisa. Watu huchanganya muda wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kutoa taarifa: mtu yeyote ambaye silaha imeangukia mikononi mwake kwa sababu ya kifo anatakiwa aiambie mamlaka ya silaha bila kuchelewa. Hapo hakuna cha kusubiri mahakama. Wa pili ni wa kuomba kadi kwa jina lako: una mwezi 1 tangu ulipoukubali urithi, au tangu ulipokwisha muda wa kuukataa, ambao kwa kawaida ni wiki 6. Kwa hiyo piga simu leo, hati itafuata. Ukinyamaza mpaka mahakama imalize, utafika mbele ya karani na swali la kwanza litakuwa kwa nini ulikaa na silaha bila kusema, na mtu unayetaka akuamini ndiye huyo huyo.

Shemeji hajakosea sana, kwa kuwa ana sefu na ana kadi. Tatizo ni kupeana mkono kwa mkono jikoni. Mamlaka ina uwezo wa kuagiza silaha ikabidhiwe kwa mtu mwenye haki, na yeye anaweza kuwa ndiye huyo mtu. Basi mtaje kwenye simu, waambie yupo, wakuandikie. Kabla ya hapo ibaki ilipo, sefu ifungwe. Sikuulizi namba ya sefu umeijuaje, na wewe usiiseme hapa!

Sasa kuimiliki. Mrithi anapata nafuu kubwa: hutaulizwa unaitakia nini wala hutadaiwa cheti cha mafunzo, mradi marehemu aliimiliki kihalali. Utachunguzwa wewe kama mtu. Wataangalia makosa ya jinai, polisi, na tangu 2020 hata idara ya usalama wa ndani. Pasipoti ya Tanzania si kikwazo. Sheria inairuhusu mamlaka kumkatalia mtu ambaye hajaishi hapa angalau miaka 5, na wewe hiyo umeshaipita mbali.

Nafuu hiyo ina bei yake. Mumeo alikuwa na sababu ya kuitumia, na sababu hiyo hairithiwi. Mrithi asiye na sababu yake mwenyewe lazima bastola ifungwe kizuizi: kifaa kinachoingizwa kwenye mtutu na kujifunga humo, risasi haiingii wala haitoki. Hufungi mwenyewe. Anayefunga na kufungua ni fundi au muuza silaha mwenye leseni aliyefundishwa kifaa hicho. Sheria hii ipo tangu 2008. Ikiwa kwa aina yako ya bastola hakuna kizuizi sokoni, unaomba msamaha kwa maandishi, usijipe mwenyewe.

Ulizia gharama kabla hujajifunga moyo. Kizuizi na sefu vinaweza kuzidi thamani ya bastola yenyewe, hasa ya zamani ambayo zipo nyingi. Mimi ningekuwa wewe ningefikiria sana kuiharibu kitaalamu: mafundi wanaiziba na kuichomelea kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, inapigwa muhuri, inabaki pambo. Hilo nalo linatolewa taarifa. Lakini najua kuna watu wanaona ukiichomelea umeiua, na mwanao huenda ni mmoja wao.

Risasi hizo za kwenye droo hazimo kwenye urithi wako wa kukaa nazo. Zinakabidhiwa kwa mwenye haki au zinaharibiwa. Ziambatanishe kwenye taarifa yako, na zikichukuliwa dai karatasi yenye idadi.

Kinyozi wa Leeds

Poleni. Nasoma nikiwa Uingereza nacheka kwa uchungu, maana huku mjadala huu ungekwisha kwa mstari mmoja. Baada ya mauaji ya shule ya Dunblane, Machi 1996, sheria za 1997 ziliondoa karibu bastola zote mikononi mwa raia wa England, Scotland na Wales. Mrithi amebakiwa na vipenyo vichache, kama silaha za kale au zilizoharibiwa kitaalamu. Dada, umebahatika kuwa na cha kuomba.

Mtoto wa Pangani

Kwa nini usiisafirishe tu nyumbani ukampa kaka yako?

Babu Shabaha

Pangani, acha kumtafutia dada jela ya nchi mbili. Kuitoa huku kunataka kibali, kuiingiza Tanzania kunataka kibali kingine, na kaka mtu naye awe na leseni yake. Tuendelee.

Mama Tumaini

Asanteni, hasa Babu. Nimepiga simu asubuhi. Bibi aliyepokea alikuwa mpole kuliko nilivyotegemea. Kasema nitume nakala ya cheti cha kifo na ya kadi ya marehemu, niandike na idadi ya risasi, nisiguse kitu. Shemeji atapewa barua aje aichukue na risasi zake pamoja wakati ombi langu linashughulikiwa. Amenuna kidogo kwa kusubiri barua, lakini atazoea.

Maswali mawili. Sefu ya marehemu ni ya zamani sana, naweza kuendelea nayo? Na mwanangu ana miaka 16, anauliza kama siku moja kizuizi kinaweza kutolewa.

Babu Shabaha

Sefu usiichukulie kuwa inatosha. Tangu Julai 2017 anayeanza upya anatakiwa awe na ya daraja 0 kwa EN 1143-1, kiwango cha Ulaya cha uimara wa sefu. Za zamani zina kinga yake, lakini kinga hiyo inamfuata mtu na nyumba, kwa hiyo piga picha kibati kilicho ndani ya mlango na uwatumie waamue wao. Ukinunua mpya, chukua ya namba, si ya ufunguo. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya utawala kule Münster ilisema ufunguo wa sefu ya silaha nao uhifadhiwe mahali penye ulinzi wa kiwango kile kile cha sefu. Sasa utanunua sefu ya pili kwa ajili ya ufunguo? Namba ibaki kichwani mwako peke yako, hata mwanao asiijue. Na ujue wanaweza kuja kukagua bila miadi.

Kuhusu kijana: akikua, akajiunga na klabu na akapata kadi yenye sababu yake mwenyewe, bastola inaweza kuhamishiwa kwake, na fundi mwenye leseni atakitoa. Kwa sasa aanze na bunduki ya upepo klabuni, chini ya usimamizi. Huko ndiko wengi wetu tulikoanzia, na wengi huishia huko huko kwa sababu ni rahisi na inafurahisha zaidi.