Ukoo wa Kiwira: Atu aende Mkwawa au Chang'ombe?

Jumatano jioni

Mama Atu: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Atu kachaguliwa vyuo viwili, vyote ualimu wa sayansi, fizikia na hesabu. Kimoja Iringa, Mkwawa. Kingine Dar, DUCE, chuo cha elimu pale Chang'ombe. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka athibitishe kimoja tu, mwisho kesho kutwa. Naombeni mawazo kabla baba yake hajarudi, maana yule akiamua ameamua.

Baba Atu: Nimeusoma. Nipo foleni Tunduma.

Shangazi Uyole: Hongera mwanangu Atupele!! Fizikia kwenye ukoo huu? Mwe!

Atu: Shikamoo shangazi. Shikamooni wote. Asanteni.

Baba Mdogo Dar: Hapa mjadala wa nini? Dar. Mtoto kazaliwa Kiwira, msingi Kiwira, sekondari Tukuyu. Maisha yake yote ni mvua, ukungu na migomba. Jua ataliona lini?

Baba Mkubwa Makambako: Salaam. Mimi nilisoma Mkwawa kidato cha tano na sita, enzi hizo bado sekondari. Jina la shule lenyewe ni somo, kwa sababu Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe,

Neema Iringa: Baba Mkubwa tunakuomba usianze na fuvu la Mkwawa 🙏

Baba Mkubwa Makambako: Fuvu lilirudi 1954 na liko Kalenga, hapo hapo jirani na chuo chenu. Umeshakwenda?

Neema Iringa: Bado baba.

Baba Mkubwa Makambako: Mwaka wa pili huo. Haya. Nilichotaka kusema ni hiki. Mkwawa na Chang'ombe vyote ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vyote vilianza 2005. Mkwawa ilikuwa sekondari, Chang'ombe ilikuwa chuo cha ualimu. Shahada anayopewa wa Iringa ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wa Chang'ombe vilevile. Kwa hiyo yule aliyetaka kusema "chuo kikubwa" na "chuo cha mkoani", ameze mate.

Shangazi Uyole: Kumbe! Mimi ndiye niliyetaka kusema 😂

Baba Mdogo Dar: Cheti kimoja sawa. Lakini mji unasomesha. Kwani Iringa huko ataonana na nani?

Baba Mkubwa Makambako: Walimu siku hizi wanafanya usaili Sekretarieti ya Ajira. Hawaulizi ulikuwa unaonana na nani.

Lusajo: Shikamooni. Mimi nipo Dar mwaka wa tatu, chuo kingine ila mfuko ni uleule. Naomba niongee habari ya boom, maana naona hakuna aliyeigusa.

Shangazi Uyole: Boom ndiyo nini tena?

Lusajo: Hela ya kula na kulala ya Bodi ya Mikopo, shangazi. 10,000 kwa siku, inaingia kwa mkupuo wa siku 60, yaani 600,000. Sasa sikilizeni. 10,000 hiyo ni moja, uwe Dar, uwe Iringa, uwe porini. Bodi haiangalii bei ya chapati ya mtaani kwako.

Lusajo: Jana nimeandika. Asubuhi chai na chapati mbili 1,500. Wali maharage mchana 2,500. Daladala mbili kwenda mbili kurudi 2,400. Chipsi kavu usiku 2,000. Maji 600. Bando 1,000. Jumlisheni.

Ambakisye: 10,000 kamili

Lusajo: Kamili. Sijanyoa, sijanunua sabuni, sijatoa kopi hata ukurasa mmoja. Na kodi ya gheto haimo humo. Chumba 70,000, mwenye nyumba anataka miezi sita, weka 420,000 mezani siku ya kwanza. Na hiyo boom ya kwanza huwa haiji siku ya kwanza.

Mama Atu: Na majina ya mkopo yenyewe hayajatoka. Tunathibitisha chuo kabla hatujajua kama mkopo upo.

Lusajo: Ndiyo hapo mama. Piga hesabu ukiwa na mkopo, halafu piga ukiwa huna.

Baba Mdogo Dar: Lusajo unamtisha mtoto. Sema na faida.

Lusajo: Faida ipo, sikatai. Nafundisha mtoto wa kidato cha pili hesabu nyumbani kwao Kurasini, mara tatu kwa wiki, 5,000 kila nikienda. Kwa mwalimu wa fizikia hizo tempo, vibarua vya kufundisha, ni nyingi huku. Wazazi wa Dar wanalipa.

Neema Iringa: Hilo ni kweli, huku tempo hakuna. Nilitafuta muhula mzima. Nikampata mzazi mmoja, akasema atanilipa viazi.

Shangazi Uyole: Si ulichukua?

Neema Iringa: Nilichukua 😅

Neema Iringa: Ila Atu nikwambie ukweli wa huku. Gheto 35,000 tunakaa wawili, kila mtu 17,500. Mtungi mdogo wa gesi, unga na maharage ya nyumbani, mboga sokoni. Kwa siku 4,000 nikijibana, 5,000 nikijidekeza. Darasani naenda kwa miguu. Hela niliyookoa mwaka wa kwanza ndiyo laptop ninayotumia, mtumba lakini inawaka.

Neema Iringa: Ubaya wake ni baridi. Usidhani ni ile ya Tukuyu ya mvua, hii ina upepo. Maji ya kuoga mwezi wa sita yanataka imani.

Neema Iringa: Na kingine ambacho sikukijua mpaka nilipofika. Kila mtu anakaa karibu. Wiki ya mtihani mwenzangu ananigongea saa nne usiku, "Neema hili swali la mwisho umelielewa?" Tunakaa sakafuni na blanketi hadi saa saba. Nilipokwenda Dar likizo nikamuuliza Lusajo mnajadili saa ngapi.

Lusajo: Diskasheni yetu inavunjika saa kumi na moja jioni. Huyu anakimbilia Mbagala, huyu Gongo la Mboto. Ukichelewa dakika kumi unaning'inia mlangoni saa nzima. Ukifika nyumbani hata ukurasa hufungui.

Baba Mdogo Dar: Ndiyo maana nasema akae KWANGU. Mbagala hapa. Chumba kipo, kodi hakuna, chakula hakuna kulipa. Hiyo 420,000 ya Lusajo imekwisha. Boom yote inabaki mfukoni kwake. Mna hoja nyingine?

Mama Atu: Asante sana shemeji. Hilo nalo ni jambo kubwa.

Baba Mkubwa Makambako: Hapo amesema neno.

Baba Mdogo Dar: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Uyole: Nimeshausoma.

Baba Mdogo Dar: Nilikosea kuandika.

Shangazi Uyole: Hukukosea. Umeandika "na mama Jose naye atapata msaada maana dada wa kazi ameondoka wiki iliyopita na mapacha wanasumbua". Neno kwa neno.

Lusajo: 👀

Baba Mdogo Dar: Ni kusaidiana tu kama ndugu. Mtoto wa kike hakai nyumba ya watu kama mgeni.

Shangazi Uyole: Mdogo wangu, nakupenda, lakini mimi nilikaa kwa ndugu Mbeya mjini nikisoma ushoni. Nilijua kuosha vyombo kuliko kukata kola. Mwalimu akinitafuta mchana, mimi niko bombani. Wala hakuna aliyenitesa, kila siku kilikuwa kitu kidogo tu, "hebu mshike mtoto". Hebu-mshike-mtoto ilinimalizia mwaka.

(hakuna aliyeandika kwa dakika kama ishirini)

Baba Mdogo Dar: Sawa dada. Nimekuelewa.

Mama Atu: Atu mbona kimya? Mwenye chuo ni wewe.

Atu: Nipo mama. Nilikuwa naandika kwenye daftari.

Atu: Mimi nilitaka Dar. Sitadanganya. Tangu form one nilikuwa nasema nitasoma sehemu yenye bahari. Na baba mdogo asante, najua unasema kwa moyo.

Atu: Lakini nimepiga hivi. Mkopo ukija, Iringa nabaki na kama 4,000 kwa siku baada ya kodi na kila kitu. Dar sibaki na kitu mpaka nipate tempo, na tempo inakula muda wa kusoma. Mkopo usipokuja, Iringa mama anaweza kunitumia ndizi na viazi kwa basi la asubuhi nikavipokea siku hiyohiyo. Dar ndizi zitafika zimeiva.

Atu: Na fizikia siiwezi peke yangu. Form six nilifaulu kwa sababu ya wale wenzangu wawili wa bweni. Nataka mtu wa kunigongea saa nne.

Neema Iringa: Nitakugongea mimi. Bure.

Baba Mkubwa Makambako: Na Kalenga mtakwenda wote.

Baba Atu: Nimesoma yote. Sogeza lori mita tano, soma, sogeza. Atu, umejieleza vizuri kuliko mimi ningeamua. Thibitisha.

Atu: Asante baba. Ila namba ya siri ya kuthibitishia imekwenda kwenye simu ya mama, kile kitochi. Ndiyo namba tuliyoombea steshenari.

Mama Atu: Kitochi nimemwachia bibi Kiwira! Mimi niko Mwanjelwa na ndizi. Ambakisye, uko nyumbani? Fungua meseji usome.

Ambakisye: Nimefungua. Kuna "ile hela itume kwenye namba hii". Kuna nyingine "umejishindia". Nyingine ya salio. Ya TCU haipo.

Atu: Haipo vipi? Imetumwa jana.

Ambakisye: Bibi anasema alizifuta mbili jana jioni. Moja ilikuwa na namba namba akajua ni matapeli.

Lusajo: 😂😂😂

Shangazi Uyole: Mama yetu ndiye benki kuu.

Atu: Ngoja naingia kwenye akaunti ya Mkwawa, kuna sehemu ya kuomba tena. Ambakisye kaa na hiyo simu. USIMPE bibi.

Ambakisye: Chaji imebaki kimstari kimoja

Mama Atu: Kimbia dukani kwa jirani uchomeke!

Ambakisye: Nipo dukani. Imeingia. Nimekutumia pembeni.

Atu: Imekubali. Imeandika nimethibitishwa.

Mama Atu: Ndaga fijo, Mungu mkubwa. Nauza mikungu miwili ya mwisho nakuja.

Baba Mkubwa Makambako: Hongera. Beba sweta mbili.

Ambakisye: Bibi anauliza kama ni kweli Atu anakwenda kwenye baridi. Anasema blanketi lake la bluu asiliguse.

Atu: Mwambie nimeshalipakia.

Baba Mdogo Dar: Hongera Atu. Likizo uje uione bahari, kama MGENI, shangazi yako ni shahidi. Na nyie wengine huko Kiwira, mkisikia binti anayetafuta kazi za ndani, mapacha wapo.