Kugeuza GPA kwa "zidisha kwa 4, gawa kwa 5" ni dhuluma kwa waombaji, acheni!

Wakuu, hili la ofisi za udahili na vikokotoo vya mtandaoni kugeuza alama kwa uwiano mtupu limepita kiasi. Mtu ana 4.2 kwenye mizani ya 5.0, wanazidisha kwa 4, wanagawa kwa 5, wanaandika 3.36 kwa mizani ya 4.0 ya Kimarekani, faili linafungwa. Hesabu hiyo ingekuwa halali kama alama ya kufaulu ingekuwa sehemu ileile kila nchi, na kama wahadhiri wote wangetoa alama za juu kwa mkono mmoja. Sivyo ilivyo!

Tazama Uingereza. Kufaulu shahada ya kwanza ni 40, daraja la pili la juu linaanzia 60, la kwanza 70. Mwenye 68 kabakiza alama 2 tu aingie daraja la kwanza. Mkabidhi transkripti hiyo mtu aliyezoea asilimia za Marekani, ataisoma D+. Ufaransa ndiyo usiseme: 14 kati ya 20 wenyewe wanaiita "Bien", alama ya kujivunia, lakini ukiigeuza asilimia inakuwa 70, na kwa macho ya Kimarekani hiyo ni C-. Mizani mara nyingi imechapwa nyuma ya transkripti ileile. Kugeuza karatasi tu kunawashinda?

Sasa kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa, inayotumika sana Ujerumani, ambako 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Toa alama ya mwombaji kwenye alama ya juu kabisa (Nmax). Gawa kwa tofauti ya Nmax na alama ya chini ya kufaulu (Nmin). Zidisha kwa 3, jumlisha 1. Ile 4.2 ya 5.0, kufaulu kukiwa 2.0, inatoa 0.8 gawa kwa 3, mara 3, jumlisha 1, yaani 1.8. Safi.

Balaa linaanzia kwenye Nmin. Karani akiweka 0 badala ya 2.0, mtu anapata 1.48, zawadi asiyostahili. Kwa upande wa pili, chukua ile 68 ya Uingereza: kwa Nmin 40 inatoka 2.6. Akiandika 50 kwa mazoea ya kwao, inatoka 2.92. Kozi nyingi za uzamili huko Ujerumani zinadai 2.5 au bora zaidi, kwa hiyo hata hesabu sahihi imeshamtupa nje mwanafunzi mzuri. Na mwenye 70, daraja la kwanza, anapata 2.5 kamili, pembeni kabisa mwa mstari! Chanzo ni Nmax. Kwenye karatasi ni 100, lakini kwenye masomo mengi ya Uingereza alama zinazozidi 80 ni adimu. Kanuni inampima mtu kwa alama ambazo karibu hakuna anayepewa.

Dawa ipo, tena ya siku nyingi. Mwongozo wa 2009 wa ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu na kuhamisha krediti za masomo, uliachana na zile herufi A hadi E na kuleta jedwali la mgawanyo: chuo kinaonyesha ni asilimia ngapi ya waliofaulu katika programu walipata kila alama, kwa angalau miaka miwili iliyopita. Unatafuta mwombaji yuko kundi gani kwao, unampa alama ya kundi hilohilo kwako. Kama 68 inaangukia kwenye 20% ya juu, mpe inayopewa 20% ya juu ya wanafunzi wako. Makundi yakipishana, chuo kiamue mapema kinachukua alama ya chini, ya kati au ya juu, na kiandike uamuzi huo wazi. Si kila karani aje na wa kwake!

Waombaji, fomu ikiwa na nafasi, andikeni alama ya asili pamoja na mizani yake, "4.2/5.0, kufaulu 2.0", msijigeuzie wenyewe. Ombeni kwa msajili barua yenye Nmax, Nmin na mgawanyo wa alama za programu yenu. Mwenye Nyongeza ya Diploma (Diploma Supplement, karatasi ya maelezo inayoambatana na cheti) aangalie kipengele cha 4.4, maelezo ya mizani yanakaa hapo. Na msikubali kugeuziwa mara mbili, kutoka Ufaransa kwenda 4.0, kisha 4.0 kwenda Ujerumani. Kila hatua ina kosa lake na makosa yanarundikana. Mkiletewa matokeo, dai la kwanza liwe hili: mmetumia Nmin ipi, na mmeitoa wapi?